Noelene Pengelly Avua Kizibao cha Mteremkoni

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Bi Noelene Pengelly anastaafu rasmi baada ya kuitumikia Halmashauri ya Wirrabilla kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo ameimaliza kwenye mteremko mmoja wa kushushia boti, juu ya zege lile lile lenye mwani ule ule. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa kibanda changu cha chambo na mafuta kinatazamana na pale alipokuwa akisimama, na kwa kuwa, alisema, nina mdomo. Nimekubali kwa sababu zote mbili.

Noelene hakuajiriwa kumfundisha mtu chochote. Aliajiriwa kufagia magamba, kufungua choo asubuhi na kuwafukuza mwari, wale ndege wenye mifuko chini ya mdomo, wasiibe samaki kwenye meza ya kusafishia. Kazi hizo tu ndizo alizofanya kwa miezi michache. Asubuhi moja ya Pasaka akaja daktari wa meno kutoka Adelaide, mwenye boti mpya na kofia mpya, akaanza kurudisha trela yake kinyumenyume kuelekea majini, akaishia kwenye friji langu la barafu. Alishuka akalitazama lile friji kwa lawama, kana kwamba ndilo lililomfuata. Noelene akaweka ufagio chini.

"Mpenzi, nipishe hapo kwenye usukani," alimwambia. "Ukiendelea hivi utaingia mpaka jikoni kwa Gwenda, na leo hajaosha vyombo."

Ilikuwa kweli sijaosha. Aliingia yeye garini, akaitia ile boti majini kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika pai ya nyama, akaitoa, akaipandisha tena juu na kumwamuru daktari aanze upya. Daktari alihangaika mpaka mchana. Kufikia hapo wenye magari mengine walikuwa wamesimama kando, wakijifanya wanatazama mawimbi, kumbe masikio yote yako kwa Noelene. Jumamosi iliyofuata halmashauri ikawa na darasa la wanaoanza, ingawa halmashauri yenyewe ilipata habari baadaye sana.

Katika darasa hilo hakuna aliyeruhusiwa kuyasogelea maji siku ya kwanza. Noelene aliwapeleka uwanja wa mpira, kwenye trela aliyoifungia sofa badala ya boti, na juu ya sofa akamkalisha mama mkwe wake, Bi Una Pengelly, mwenye kikombe cha chai kilichojaa pomoni. Mwanafunzi alitakiwa kuirudisha trela taratibu mpaka golini bila chai kumwagika. Kanuni ilikuwa moja tu: shika usukani kwa chini, kisha upeleke mkono kule unakotaka makalio ya trela yaende. Ukishika kwa juu, trela itakwenda kinyume na mawazo yako, na Bi Una ataloa.

"Wewe kijana, hii ni chai ya tatu unanivisha," nilimsikia akimwambia meneja wa benki. "Ukitoka hapa nenda kaombe kazi ya kufua, maana gauni hili silifui mimi."

Bi Una alifanya kazi hiyo bila malipo mpaka alipofikisha miaka tisini, ndipo akadai kwamba sasa ni zamu yake kuendesha. Tulimkatalia. Alinuna mpaka Krismasi, na sofa ikastaafishwa.

Waliofaulu chai ndio walioletwa mteremkoni. Hapo Noelene alikuwa na hasira na jambo moja kuliko yote: mtu kuingia mteremkoni kabla hajajiandaa. Mambo yote, alisema, yamalizwe kwenye maegesho: kizibo cha chini ya boti kikazwe, mkanda wa nyuma unaofunga boti kwenye trela ufunguliwe, majaketi ya kuokolea na sanduku la vinywaji vipakiwe. Mtu anayesimama katikati ya mteremko akitafuta miwani huku foleni ya magari ikinguruma nyuma yake, huyo kwake alikuwa sawa na mtu anayevua nguo kanisani.

Kizibo kilichosahauliwa kilimpatia wateja wengi. Ila bingwa wetu ni Sajini Dragan Petrovski wa kituo chetu cha polisi, ambaye anaruhusu nimtaje kwa sababu hana namna. Sajini alikaza kizibo vizuri sana. Alichosahau ni ule mkanda wa nyuma. Akaitia boti majini, ikaelea, na kwa kuwa trela alikuwa ameshaifungua kutoka kwenye gari kwa sababu ambazo mpaka leo hajaweza kuzieleza, trela nayo ikaelea kwa unyenyekevu chini ya boti. Sajini akawasha injini akaondoka. Alikwenda umbali mzuri tu, akilalamika kwamba injini mpya haina nguvu, kabla hajageuka na kuona magurudumu mawili yakimfuata.

"Sajini!" Noelene alimpigia kelele kutoka ufukweni. "Huko unakokwenda hakuna barabara!"

Wageni huenda hawajui kwamba hapa Wirrabilla kutazama mteremko ni starehe inayohesabika. Wikendi ndefu wenyeji huja na viti vya kukunja na chupa za chai, hujipanga ukutani, na kila gari likiteremka wanainua vifuniko vya maboksi ya piza walivyoviandikia alama. Sajini alipewa kumi kwa kumi. Nasikia kifuniko kimoja bado kimetundikwa jikoni kwake, amekitundika mkewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililompa Noelene sifa mpaka Port Lincoln. Kila anayeishi kando ya maji anajua kwamba ndoa haivunjikii chumbani wala jikoni. Inavunjikia mteremkoni, mmoja akiwa kwenye usukani na mwingine nyuma ya trela akipunga mikono. Mume anasema kushoto, kushoto yake mwenyewe. Mke anauliza kushoto ipi. Mume anasema iko moja tu. Baada ya hapo watoto wanapelekwa kwa bibi yao.

Noelene aliliona hilo mapema, akaweka sheria: mume na mke hawaelekezani. Mke wa huyu ataelekezwa na mume wa yule. Mtu, alisema, humstahi asiyelala naye. Na kweli, waume waliokuwa wakifoka waligeuka mabwana wa kupendeza. "Kushoto kidogo, mama, samahani, hapo hapo, asante sana." Wake zao walisimama pembeni wakisikiliza midomo wazi, na wengine walirudi nyumbani na maswali.

Tatizo lilikuwa tangazo. Mtu wa ofisi kuu, ambaye hajawahi kufika mteremkoni, alibandika karatasi kwenye maktaba: darasa la Jumamosi, kwa wanandoa, kubadilishana wenzi ni lazima. Mchungaji alipiga simu. Halafu akapiga mtu mwingine ambaye hakutaka kujitaja, akauliza kama bado kuna nafasi. Waliofika Jumamosi hiyo walijaza uwanja, baadhi wamejipulizia manukato, na Noelene aliwakabidhi wote mabuti ya mpira. Kwa haki, wengi walibaki mpaka mwisho na wakajifunza.

Kushusha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni jioni ya Jumapili, wakati boti zote zinarudi kwa pamoja na watu wameungua jua, wana njaa, na mmoja ametapika. Noelene alisimama katikati yao na kizibao chake cha rangi ya chungwa, akiita mmoja mmoja. Trela isizame mno, maana boti itaelea juu yake na kukaa upande. Winchi ya kuvutia boti izungushwe pole pole, mnyororo ufungwe kabla gari halijasogea, na maji yatolewe boti ikiwa juu, si katikati ya njia. Kwa miaka yote hiyo hakuna gari la mwanafunzi wake lililozama. Halmashauri ilimpa cheti kwa ajili hiyo, na meya alipokuja kumkabidhi aliegesha gari lake mteremkoni, akafukuzwa kwanza.

Hapa inanibidi niandike jambo ambalo kila mtu mjini analijua na hakuna aliyewahi kulitia jaridani. Noelene alinusuru ndoa za nusu ya jimbo hili, lakini ya kwake ilimpiga chenga pale pale mteremkoni.

Mumewe, Clarrie, ni fundi wa mashine za kukatia nyasi, mtu mpole anayefikiri kabla ya kufanya na akishafanya haongei. Miaka michache iliyopita, Jumamosi ya sikukuu na ukuta umejaa viti, walikuja kushusha boti yao wenyewe. Clarrie alikuwa ameshika kamba, anafikiri. Kipaza sauti cha kazini kilikuwa karibu na Noelene, na mkono ukakifuata wenyewe.

"Clarrie! Hiyo ni kamba, mpenzi, siyo nyoka! Haiumi! Ishike kama mtu mzima!"

Ukuta mzima uliangua kicheko. Clarrie aliilaza kamba chini kwa adabu, akavuka maegesho, akaenda zake nyumbani kwa miguu huku viatu vikichuruzika maji. Jioni alimpikia mkewe chakula kama kawaida, akamsubiri amalize kula, ndipo akamwambia kwamba hatakanyaga tena mteremko ule maadamu yeye anavaa kizibao kile.

Na Clarrie akisema amesema. Waliendelea kuishi vizuri, wakinywa chai pamoja na kuangalia mpira pamoja, lakini boti ikabaki uani chini ya turubai, na kila Jumapili Clarrie akaenda kuvua peke yake, ameketi kwenye mawe. Noelene aliomba radhi nyumbani, Clarrie akazipokea, na bado akaenda kwenye mawe. Kutoka kazini mkewe alikuwa anaiona kofia yake kwa mbali.

"Nimewatia majini watu wa kila namna pamoja na waume zao," aliniambia siku moja akinunua mafuta ambayo hakuyahitaji. "Wangu yuko juu ya jiwe."

Alipotangaza kustaafu, watu wa ofisini walidhani anasikitikia kazi. Walimletea vipeperushi vya vikundi vya kusuka. Ukweli aliniambia mimi, tena ameshika mlango wangu kwa nguvu mpaka nikaogopa bawaba zitang'oka.

"Gwenda, je, nikivua kizibao halafu aseme ameshalizoea lile jiwe lake?"

Nilimpa pai.

Darasa lake la mwisho lilikuwa Jumamosi iliyopita, tarehe 22. Wanafunzi walifaulu, keki za lamington, zile za chokoleti na nazi, zililiwa, na sote tulimchangia viatu vipya vyeupe ambavyo alivivaa pale pale. Kisha akavua kizibao, akakikunja, akanipa. Alitazama barabarani. Tulitazama wote, ukuta mzima, na hakuna aliyekula kwa muda.

Pikapu ya Clarrie ilikunja kona, ikivuta boti yao na turubai lake lote. Sijui nani aliyeanza kupiga makofi, ila Sajini Petrovski alimnyamazisha, akihofia Clarrie ataghairi. Halafu yeye mwenyewe akamwendea dirishani kujipendekeza.

"Bwana Clarrie, unaijua sheria ya hapa. Mke na mume hawaelekezani. Mimi nitakuelekeza wewe, mke wangu amsaidie Noelene."

"Nakushukuru, Sajini," alisema Clarrie. "Ila sitaki mke wa mtu wala mume wa mtu. Nimekuja kwa wangu."

Basi Clarrie akaanza kurudi nyuma, na Noelene akasimama kwenye zege, mikono mifukoni, midomo ameibana. Sijawahi kuona mtu akiteseka hivyo. Clarrie alishika usukani kwa juu. Trela ikaenda kulia, akairekebisha, ikaenda kulia zaidi, akatoka mbele, akaanza tena, ikajikunja. Noelene alikuwa amebadilika rangi. Clarrie akasimamisha gari, akatoa kichwa nje.

"Noelene. Mbona kimya?"

"Nimestaafu."

"Basi jitolee kidogo. Naona naelekea chooni."

Kwa kweli taa ya nyuma ya trela ilikuwa imeshaugusa mlango wa choo cha wanaume, na aliyekuwa ndani alikuwa ameanza kuuliza kuna nini. Noelene akatoa mkono mmoja mfukoni.

"Kushoto, mpenzi," alisema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kujua kwamba anayo. "Kushoto yako. Hapo hapo. Asante sana."

Trela ikanyooka ikashuka majini. Clarrie akaja nyuma, akafungua mnyororo wa boti, wakashika turubai huku na huku wakalifunua, na kuku akatoka. Ni kuku wao wa uani, mweupe, ambaye inaelekea alikuwa amefanya makao yake ndani ya boti, kwa sababu alitoka kwa hasira ya mwenye nyumba. Aliruka kichwani kwa Clarrie, kisha juu ya gari, kisha kwenye keki zetu. Noelene akakimbia upande huu, Clarrie upande ule, Sajini akapiga mbizi na kukosa. Kuku alipokamatwa, kwapani kwa mchungaji, wote wawili waligeukia maji.

Boti ilikuwa imeondoka. Ilikuwa inaelea taratibu kuelekea nje ya ghuba, kamba yake ikiburuta nyuma, haina mtu.

Ukutani hakuna aliyeinua kifuniko. Kosa hili, kuiacha kamba bila wa kuishika, ndilo lile lile Noelene alilokuwa akiwafokea watu mpaka wanalia, na safari hii mbele ya watu wale wale. Alifungua mdomo. Clarrie aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, nami nikawaza: anakwenda zake tena nyumbani kwa miguu, na safari hii harudi.

"Ulikuwa umeishika wewe?" Noelene aliuliza.

"Nilidhani wewe."

"Mimi nilidhani wewe."

Clarrie alifikiri. "Basi ni sisi."

"Ni sisi," alisema Noelene, na huyo, akaingia majini na viatu vyake vyeupe. Maji yalipomfika kifuani alianza kuogelea. Clarrie alivua kofia, akamkabidhi ndege mwari aliyekuwa karibu, kwa jinsi nilivyoona mimi, akamfuata. Waliifikia boti, wakaipanda mmoja akimsukuma mwenzake kwa namna isiyofaa kuelezwa katika jarida la wafanyakazi, wakawasha injini, wakaenda. Hawakutupungia mkono. Nadhani walikuwa wametusahau.

Pikapu ilibaki katikati ya mteremko, mlango wazi, redio inaimba, na nyuma yake foleni ya boti mpaka barabara kuu. Kwa kosa hilo Noelene aliwahi kumfukuza meya. Hakuna aliyepiga honi.

Walikuwa wamefika karibu na boya jekundu Sajini alipoleta darubini. Tulimzunguka, maana kutoka pale walionekana vidoa viwili tu, na kila mtu alitaka kujua kama wanagombana.

"Clarrie anaongea," alisema Sajini.

"Clarrie?" tukauliza. "Na Noelene je?"

Sajini aliirekebisha darubini, akatazama tena kwa muda mrefu.

"Anasikiliza."

Bi Noelene, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa halmashauri, ya ukuta wa viti, na ya kila mtu ambaye bado ana mke kwa sababu yako, tunakushukuru. Wiki hii unamalizia likizo yako na mteremko umekuwa kimya mno; tangu Jumatatu watu wanagonga nguzo na hakuna wa kuwaambia. Nitakukosa, na nalisema waziwazi ili lichapishwe. Tunakutakieni, wewe na Clarrie, siku nyingi za maji matulivu na magomvi madogo madogo. Mkishafika huko nje, zimeni injini mkae. Foleni huku tutaishughulikia sisi.

Gwenda Schirmer
Kibanda cha Chambo na Mafuta, Wirrabilla